Mkono wa Kupigia

Fimbo ya kwanza ilimpata Gobnait Kelleher begani. Ya pili akaidaka. Mzee Florrie Moynihan alikuwa amepita sabini, lakini mikono iliyokamua ng'ombe maisha yake yote haikuwa imeisha nguvu, na wakavutana pale kwenye mlango wa jikoni, mbwa naye ameng'ang'ania pindo la koti la Gobnait akilitikisa kana kwamba ni panya.

"Nimeshakwambia hapa hakuna kanda za baba yako," mzee alifoka. "Rudi mnadani kwako ukawapigie kelele ndama."

"Zipo. Na leo siondoki bila hizo."

Gobnait alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, pande la mwanamke, aliyezoea kusukumana na mafahali. Alimtandika mbwa teke la ubavu, akaipokonya fimbo, kisha akamsukuma mzee kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Florrie alianguka chali, kisogo kikagonga jiwe la kizingiti. Damu ikachirizika kwenye mvi. Alilala pale, macho wazi. Gobnait alipiga magoti kando yake. Alidhani ameua.

Kilichomfikisha huko ni baba yake. Dinny Kelleher alikuwa mpiga fidla ambaye milima yote ya Sliabh Luachra, huko Ayalandi, ilimjua. Harusini watu walikataa kucheza mpaka afike. Gobnait alipokuwa mtoto wa shule, mkono wa kulia wa baba yake ulisagika. Nyumbani walisema ni mashine ya kupuria nafaka. Hakushika fidla tena hadi alipozikwa, na hakuacha hata wimbo mmoja kwenye sahani ya santuri. Wazee walimsifu kwa maneno tu, na sifa hizo zilimchoma binti yake, maana yeye hakuwa na cha kusikiliza. Ndipo majira ya kuchipua yaliyopita, kwenye msiba, mama mmoja akamnong'oneza kwamba Florrie aliwahi kuletewa mashine ya kurekodi kutoka Amerika, na Dinny alikuwa akipiga jikoni kwake Jumapili baada ya misa. Gobnait alikwenda kwanza kwa heshima, na chupa ya wiski. Alifungiwa mlango. Aliporudi alifunguliwa mbwa. Leo ndiyo ikawa hivi.

Mzee alipepesa macho. Gobnait alimnyanyua, akamkalisha karibu na moto wa vipande vya mboji kavu, akamfunga kichwa kwa taulo. Taulo likageuka jekundu, akaongeza jingine.

"Una mkono wa baba yako," Florrie alisema. Hakusema kwa kumsifu.

Kisha akamwonyesha kwa kidevu pipa la shayiri kwenye kona. Chini ya shayiri kulikuwa na bati la biskuti, na ndani ya bati kanda zake, zimefungwa kwa kitambaa kikavu. Mashine nayo ilikuwa chini ya kitanda. Mzee aliiandaa mwenyewe, na kabla hajaiwasha alimwomba achukue kanda zote isipokuwa ile ya mwisho. Gobnait alisema ataanza na hiyo hiyo.

Fidla ililia humo jikoni kana kwamba mpigaji yuko upande wa pili wa meza. Ilikuwa na kasi, ina ukali, na mguu wa mtu ulikuwa ukikita sakafuni kushika mwendo. Gobnait alijifunika mdomo. Halafu kwenye kanda mlango ukapigwa ukutani, na fidla ikakatika katikati ya sauti.

"Mshike, Florrie." Ilikuwa sauti ya kijana.

"Mossie, mtu anapiga. Ngoja amalize."

"Jana alipiga pia. Hannie jicho moja halioni."

Mossie alikuwa ndugu wa Hannie, mama yake Gobnait. Gobnait alimjua kwa picha tu. Alikwenda Uingereza akiwa kijana, akafia huko, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini aliondoka.

Meza iliburuzwa. Kiti kikaanguka. Kulikuwa na kukurukakara na pumzi za wanaume, kisha Mossie akauliza, taratibu kabisa, "Dada yangu ulimpigia mkono upi?"

Gobnait aliinamia mashine. Baba yake angeweza kudanganya.

"Huu," Dinny alisema. "Wa kuvutia upinde."

Kisha ikasikika nyundo ikishuka. Ilishuka tena, na tena, na kila ilipotua sauti ilikuwa laini zaidi, maana mifupa ilikuwa inaisha. Dinny alipiga mayowe kama ng'ombe aliyekwama kwenye lindi la matope. Baadaye mtu mmoja alisikika akitapika, haikujulikana nani.

Gobnait alimkaba mzee ukosi, ngumi imekwishainuliwa.

"Wewe ndiye uliyemshika. Rafiki yako."

"Nilimshika mkono," Florrie alisema, damu ikimfika shingoni. "Mjomba wako alikuja na nyundo. Ningemwachia achague, angechagua kichwa. Nipige basi, kama ndicho ulichofuata."

Ngumi ilibaki hewani. Gobnait alikumbuka alivyokuwa akijibanza chini ya meza huku sahani zikipasuka juu yake, na jino la mama yake lililoruka likatua karibu na goti lake. Alikuwa amejiaminisha kwamba aliota. Alikumbuka pia kwamba baada ya mkono wa baba yake kusagika, nyumba yao ilitulia. Alimwachia mzee, akampeleka kwa daktari kushonwa. Florrie akamwambia daktari amejikwaa kwa mbwa.

Mama yake, Hannie, alikuwa akikanda mkate Gobnait alipoingia na mashine. Alisikiliza akiwa amesimama, unga mikononi. Mlango ulipopigwa kwenye kanda, Gobnait alinyoosha mkono azime. Mama yake akaushika. Walisikiliza mpaka mwisho. Jicho lake zima halikupepesa.

"Wa Dublin wanaokusanya muziki wa zamani wanaitaka," Gobnait alisema. "Nitawakatia hicho kipande."

"Usikate. Anayetaka kumsikia Dinny, amsikie Dinny."

"Watu watasema, Mama."

"Wakati ule walijua, wakanyamaza. Waache waseme sasa."

Jumapili iliyofuata kanda ilichezwa kwenye ukumbi wa kijiji, Hannie akiwa kiti cha mbele na koti lake la kanisani. Fidla ilipolia watu walikita miguu na wazee wakalia. Nyundo ilipoanza, wanaume kadhaa walitoka nje, mmoja akikosea mlango kwa haraka. Wanawake hawakutoka.

Mwishoni mama mmoja wa makamo alikuja akamshika Hannie mkono, akakaa kando yake. Baada yake akaja mwingine.