Udhu wa Mzee Mbarouk

Wiki nzima nilikuwa sitaki kusemeshwa. Chai inanipolea mbele yangu, mume wangu akiniuliza neno namjibu kwa kichwa. Yote hayo sababu ya pampu ya msikiti.

Mchoro wa umeme wa msikiti wetu mpya pale Bububu niliuchora mie mwenyewe, mkandarasi wa umeme, na ukapasishwa. Nyaya zishalazwa ukutani, marumaru zishabandikwa, ndipo zikatoka kanuni mpya: popote watu wanaposimama wamelowa, lazima kiwepo kifaa cha kuukata umeme pindi ukivuja. Mchoro wangu haukuwa nacho, na pampu ya kusukuma maji ya udhu iko papo hapo. Kukitia ni kubomoa ukuta wa pahala pa udhu, na ufunguzi ni Ijumaa.

Nikamwendea Mzee Mbarouk, mwenyekiti wa kamati, palepale msikitini. Nikampa shikamoo yake, nikamweleza. Akanisikiliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Akasema kibali tulikipata kabla ya kanuni, kwa hiyo haituhusu, na kamati iko tayari kuandika kuwa dhamana ni yao. Mkaguzi aliyeupasisha mchoro naye alishaniambia hivyohivyo. Kila mtu ananivua lawama, na mie sikumwomba mtu anivue! Hamaki zikanipanda.

"Haya, nnawasha pampu," nikamwambia. "Tia udhu wewe mwanzo."

Nilidhani atasita. Mzee akavua makubadhi, akakunja mikono ya kanzu, akaingia miguu peku kwenye sakafu iliyokuwa bado imelowa kwa kuoshwa. Mie mkono uko kwenye swichi, pampu inanguruma.

"Mambo ya kanuni siyajui," akasema bila ya kugeuka. "Lakini nyaya si umezilaza wewe, Kazija? Basi mie sina khofu."

Akanyoosha mkono kwenye bomba. Nikazima kabla hajaligusa, nikachomoa fyuzi, nikaitia mkobani.

"Toka hapo, baba," nikamwambia, na machozi yananitoka. "Mie ninayo khofu."

Ijumaa watu walitia udhu kwa ndoo na kata, wakininung'unikia mpaka barabarani. Mzee Mbarouk hakunung'unika, ila hakunitazama. Jumamosi asubuhi nikaanza kubomoa.