Chenga za Saa Saba

Dereva aliendesha mabasi ya abiria kwa miaka thelathini na mmoja, na mwezi aliostaafu alifanya jambo lililowashangaza wote waliomfahamu: alinunua basi. Aling'oa viti vyote isipokuwa chake, akatia vitanda, jiko la gesi, sinki, jokofu dogo na televisheni ya ukutani, akafunga sola juu ya paa, kisha akatangaza kwamba sasa atasafiri bila mtu kumgongea bati kwamba anashuka. Sharti lake lilikuwa moja, na alilitoa kabla hajawasha injini. Kuku hapandi. Alikuwa amevumilia kuku chini ya viti, kuku kwenye vikapu, na kuku mmoja aliyewahi kumrukia kwenye usukani katikati ya kona. Basi hili, alisema, ni la binadamu.

Binadamu wenyewe walikuwa watatu: yeye, mama yake mzazi, na mkewe, fundi wa majokofu mwenye stashahada yake ya chuo, ambaye mji mzima ulimwita Barafu. Wageni walidhani jina lilitokana na kazi. Waliowahi kumpelekea jokofu bovu walijua limetokana na ulimi. Kitu kibovu alikiita kibovu, hata kama ni keki ya harusi yako na wewe ndiye bibi harusi.

Siku ya tatu, Jumatatu, waliegesha kwenye kilima chenye nyasi fupi na upepo mzuri. Saa sita na nusu mchana Barafu akawasha televisheni, na chenga zikaanza.

Hazikuwa zile chenga za zamani, nyeupe, kama unga uliomwagika. Hizi zilikuwa za king'amuzi: mtangazaji anafungua mdomo, mdomo unakatika vipande vya mraba, kipande kimoja kinakwenda sikioni, picha inaganda, sauti inakwaruza, kisha kila kitu kinarudi sawa kama hakuna kilichotokea. Dakika mbili baadaye, tena.

Dereva alipanda juu ya paa kuzungusha antena. Kila baada ya muda aliuliza kwa sauti kama sasa imekaa sawa, na mkewe akamjibu kwamba bado. Alimuuliza pia tangu lini amekuwa mtu wa taarifa ya habari, yeye aliyezoea kusema habari ni za watu wasio na kazi. Barafu alikuwa anaangalia saa.

Ukweli ni kwamba alikuwa na jambo moyoni. Miaka miwili nyuma binti yao wa mwisho aliacha uhasibu akaenda kusomea lugha ya alama. Barafu alitoa maoni yake mezani, mbele ya ukoo mzima: mikono ni ya kufanyia kazi, na hakuna atakayekulipa kwa kuipungia hewa. Binti aliondoa sahani yake, akaiosha, akaondoka. Tangu siku hiyo simu zao zilikuwa fupi kama za watu waliokosea namba: hujambo, sijambo, mvua imenyesha, haya.

Wiki iliyopita binti alipiga mwenyewe. Jumatatu saa saba mchana atatafsiri taarifa ya habari kwa alama, moja kwa moja hewani, kwa mara ya kwanza. "Nchi nzima itaniona, hiyo haina shida," alisema. "Baba na bibi usiwaambie, nitababaika. Wewe niangalie, mama, halafu uniambie ukweli. Wewe hujui kunidanganya."

Hilo la mwisho ndilo lililomkaa kooni. Akimwambia hakuona, mtoto atasikia kwamba hakutaka kuona. Kumdanganya, kweli hajui. Na mtandao wa kilimani ulitosha kupiga simu tu. Picha ungeisubiri mpaka unywele uote mvi.

Basi alifanya kazi aliyosomea. Alichomoa chaja za simu. Chenga. Akazima feni, taa, pampu ya sinki. Chenga. Akazima hata jokofu, na chenga zikamcheka. Akachukua kalamu akaandika nyuma ya mkono wake: sekunde arobaini mbovu, dakika mbili nzuri, sekunde arobaini mbovu. Aliutazama mkono huo kwa muda. Ule mwendo aliujua. Aliuona kila siku ya kazi. Kitu fulani ndani ya basi kilikuwa kinajiwasha na kujizima chenyewe kulinda joto, na swichi yake ilikuwa imechakaa, ikitoa cheche kila inaposhika. Ila jokofu lilikuwa limezimwa. Sasa ni nini kinacholinda joto humu?

Akatoa redio yake ndogo ya mfukoni, akaiweka kwenye masafa yasiyo na stesheni yoyote, akaanza kutembea nayo polepole kutoka kiti cha dereva kuelekea nyuma. Redio hiyo humnong'oneza fundi palipo na cheche. Jikoni ilinong'ona. Kwenye meza ikaguna. Kwenye kitanda cha mwisho ikakoroma kama mlevi.

Juu ya kitanda hicho alikuwa ameketi mama mkwe, miguu pamoja, anafuma. Sasa Barafu akakumbuka kwamba mama mkwe hakuwa ameondoka hapo tangu asubuhi. Hata chai aliomba aletewe, kwa sababu ya magoti, magoti yaleyale yaliyopanda kilima kingine jana yakamwacha mwanawe nyuma akihema.

Barafu alikuwa amewahi kumwambia meneja wa benki kwamba soksi zake hazifanani. Lakini kumwambia mama mkwe anyanyuke apekuliwe chini ya kitanda, hapo ulimi ulimgeuka kipande cha mbao. Alisimama na redio inayokoroma, akatabasamu vibaya, akauliza kama mama anajisikia baridi, pengine amewasha kitu cha kujipasha.

"Mimi na baridi wapi na wapi, mwanangu," alisema mama mkwe bila kuinua macho. "Kakae mbele huko, na hilo lidude lako linanipigia kelele."

Zilibaki dakika tisa kufika saa saba. Barafu alijaribu kuzunguka, na kwa kuwa hakuwahi kujifunza kuzunguka, alizunguka vibaya. Aliuliza habari za shuka. Aliuliza kama mama angependa kunyoosha miguu nje. Mama mkwe alifuma. Zikabaki saba. Picha ikaganda, ikaachia.

Barafu akaketi kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho hakuwa amewahi kufanya.

"Mama, saa saba mjukuu wako anatokea kwenye habari. Yule niliyemwambia mikono yake haina kazi. Amenisihi nisiwaambie, na sasa nimekwambia. Nisipomwona leo, sina la kumwambia tena."

Sindano za kufumia zikasimama. Mama mkwe alimtazama mkwewe, kisha akatazama juu, ambako nyayo za mwanawe zilikuwa zinakwaruza paa.

"Huyo wa juu asisikie," alinong'ona, akanyanyuka wepesi kama msichana.

Chini ya kitanda, nyuma ya mabegi, kulikuwa na sanduku lenye kidirisha cha kioo na taa ndogo nyekundu. Ndani yake mayai kumi na manane yalikuwa yamejipanga kama abiria wenye tiketi. Ni mashine ya kutotolea vifaranga. Kuku mwenyewe alikuwa amekufa, mama mkwe alieleza haraka haraka, kuku bora aliyewahi kumfuga, na haya ndiyo mayai yake ya mwisho, yana siku kumi na tisa leo. Angemwachia nani? Jirani yule hupika chochote kisichokimbia.

"Na sharti la Dereva?"

"Mwanangu alisema kuku. Unaona kuku hapa?"

Barafu alitaka kucheka lakini hakuwa na muda. Akaeleza kwa kifupi: kuku anayeatamia huondoka kwenda kula, na mayai hayafi. Kifuniko kisifunguliwe, blanketi juu, nusu saa tu. Mama mkwe akasema si zaidi ya nusu saa, na kwamba sanduku atalipakata mwenyewe. Barafu akachomoa waya. Redio ikanyamaza palepale.

Dereva aliposhuka kuja kujisifu kwamba hatimaye ameipata pembe, alimkuta mama yake ameketi mbele ya televisheni amekumbatia mzigo ndani ya blanketi. Akafungua mdomo. Mkewe akamwambia afunge mdomo, aketi, amtazame binti yake. Alitii yote matatu.

Binti alikuwa kwenye kona ya chini ya skrini, mdogo kama picha ya kitambulisho, na alikuwa msafi, hajakatika popote. Mikono yake ilikwenda. Barafu hakuelewa hata alama moja, lakini aliiangalia kama anavyoangalia mashine inayozunguka, akitafuta panapokwama. Hakupepesa macho. Dereva alilia mapema, kwenye habari za daraja jipya.

Simu iliita kabla wimbo wa taarifa haujaisha.

"Umeniona?"

"Nimekuona."

"Ukweli, mama."

"Kwenye tarakimu mkono wako wa kushoto unachelewa. Mara nne. Penginepo unakwenda vizuri kuliko mtangazaji, yule alimeza maneno mawili."

Upande wa pili kikasikika kicheko ambacho Barafu hakuwa amekisikia kwa miaka miwili. Kumbe mwalimu wake naye alikuwa anausema mkono huohuo.

"Nilikosea," Barafu alisema. "Siku ile mezani. Na nimewaambia baba yako na bibi, hapo pia nimekosea. Kesho uko tena?"

"Wiki nzima."

Barafu alipokata simu, mama mkwe alikuwa tayari ameshika waya, akionyesha saa. Kesho, alisema, mayai yatakuwa na siku ishirini, na kesho hakuna atakayezima kitu. Dereva, ambaye macho yake yalikuwa yamekauka machozi na sasa yanamtoka kwa mshangao, akauliza mayai gani.

"Baba watoto, nitafutie bisibisi ndogo, na msasa niisugue hii swichi iache cheche," Barafu alisema, akiwa amekwishapiga magoti na kugeuza sanduku upande wa swichi. "Mama, nipe dakika kumi zaidi."

"Tano," alisema mama mkwe, na akamshikia tochi.