Nusu Sekunde ya Kwanza

Bodi ya umeme niliyomtengenezea mjomba ilifaulu majaribio mia mbili kwenye kompyuta, nami nikavimba kichwa. Ilikuwa ya kuongoza mashine inayokandamiza mabati kuwa vifuniko vya sufuria, pale kiwandani ng'ambo ya barabara. Mjomba ndiye aliyeniombea kazi hiyo. Alimwambia msimamizi wake, "Huyu mpwa wangu ana akili, wewe acha tu." Bodi ilifungwa Jumatatu. Jumatano saa nne asubuhi, nikiandika ripoti, ndipo nikaona nilichokifanya.

Kompyuta inapoiga saketi, yaani njia za umeme za bodi, usipoiambia vingine, huanza hesabu umeme ukiwa umeshajaa, utadhani haujawahi kukatika tangu dunia iumbwe. Majaribio yangu yote yalianza hivyo. Mwalimu wangu alinionya mwaka wa kwanza kabisa, nikamjibu, "Najua." Sikio la kufa halisikii dawa.

Nikaagiza umeme uchelewe: ukae sifuri kidogo, kisha upande. Nikabonyeza. Chipu, yaani ubongo wa bodi, ilichukua nusu sekunde kuamka. Ndani ya nusu sekunde hiyo, bila amri ya mtu, mstari wa vali, mlango wa hewa ya mashine, ukaruka juu kwenye kioo. Vali ikifunguka, hewa iliyobanwa inashusha chuma kinachokandamiza bati. Nikarudia, ukaruka tena. Nikarudia mara ya tatu, mjinga mimi, kama vile kompyuta ingenionea huruma.

Hapo feni ya ofisini ikapunguza mwendo, ikasimama. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima.

Nilijua mjomba anafanya nini dakika ileile. Kule kiwandani umeme ukikatika hakuna anayekaa bure. Ndiyo nafasi ya kusafisha. Kila mtu huingiza mkono ndani ya mashine yake akafuta grisi na vipande vya bati, maana mashine isiyo na umeme ni chuma tu. Wamefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyeumia. Lakini tangi la hewa hubaki limejaa, na sasa mle ndani mlikuwa na bodi yangu.

Nikampigia. Simu iliita mpaka ikakata. Huiacha kwenye koti, na koti hulitundika mlangoni. Nikatoka mbio. Kandambili moja ilibaki barabarani. Mlinzi wa getini akataka kitambulisho, nikamjibu neno ambalo mama asingependa kulisikia, nikapita.

Mjomba alikuwa ameinama, mkono ndani hadi kiwiko, anapiga mluzi.

"Mjomba, toa mkono!"

"Hata salamu hakuna?"

"Toa mkono, nakuomba!"

"Haya, haya." Akautoa taratibu, kitambaa akakiacha mlemle, akawageukia wenzake. "Mnamwona injinia wangu? Kaja kukagua usafi."

Wakacheka. Taa zikawaka.

Chuma kilishuka kwa kishindo kimoja, kikapanda. Kitambaa kilikuwa kimebanwa kikawa chembamba, katikati kimekatika. Mjomba akautazama mkono wake wa kulia, akakunja vidole, akavikunjua.

"Nani kabonyeza?" Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akamfokea mzee wa mashine ya jirani, aliyekuwa karibu zaidi na swichi. "Ni wewe! Ulitaka kuniua?"

"Sijagusa kitu, wallahi," mzee akasema, ameinua mikono yote miwili.

Ningenyamaza, lawama zingemwangukia yule mzee. Nakiri kwamba wazo hilo lilinipitia, na bado linanitia aibu kuliko kosa lenyewe.

"Hajabonyeza mtu, mjomba. Ni bodi. Umeme ukirudi inashusha chuma yenyewe. Nilikosea mimi, sikuijaribu hivyo."

Nikaizima swichi kubwa ukutani. Nilikuwa nalia, na sikujificha.

Mjomba akamwomba mzee radhi. Kisha akanigeukia, akanyoosha mkono kunishika bega, kama alivyozoea tangu nikiwa mtoto. Mkono ukafika katikati, akaurudisha kifuani, akaufunika na ule mwingine.