Kadi ya Kumi na Saba

Sijapata kumwonea mtu wivu maishani mwangu. Nasema wazi, na mwenye ushahidi aulete. Ukimtoa mke mwenzangu, na jirani yangu ambaye kwa umri wake meno yote bado ni ya kwake, na dada yangu marehemu, ambaye kwenye msiba wake watu walilia mpaka nikaanza kuwahesabu, basi sijapata kabisa.

Sasa mniulize nilikuwa natafuta nini asubuhi ile ya Alhamisi, miaka kumi na miwili iliyopita, nimekaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari na kisukari sina, usoni nimevaa miwani ya huyo jirani mwenye meno, inanizungusha kichwa kila nikitazama sakafu, na jina nililoandikisha mapokezi ni la shangazi yangu aliyezikwa kabla redio haijaingia kwetu.

Nilikuwa namtafuta mtu. Jina lake sikulijua. Nilijua nambari.

Mwanangu ni daktari. Si wale wa kukuambia toa ulimi, rudisha ulimi, nenda kanywe dawa. Yeye ni daktari wa utafiti, wa kisukari na maradhi ya homoni. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo nilimuuliza homoni ni mdudu gani. Akasema si mdudu, ni vijumbe vinavyosafiri ndani ya damu kupeleka habari kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

"Kumbe umbea upo mpaka ndani ya mwili," nikamwambia.

Alicheka hadi akashika mbavu. Kicheko kile nilikaa nacho wiki nzima, kama mtu aliyepewa kitenge.

Utafiti wake alinieleza kwa maharage, pale mezani. Akayagawa mafungu mawili. Hawa, akasema, juu ya dawa zao za kawaida tunawaongezea kidonge kipya. Na hawa tunawaongezea kidonge kinachofanana nacho kwa rangi, kwa ukubwa, hata kwa uchungu, ila ndani ni unga mtupu. Nani kapewa kipi, mgonjwa hajui, na daktari hajui. Siri iko kwenye bahasha, na bahasha haifunguliwi mpaka siku ya mwisho.

"Yaani mmesoma miaka yote hiyo ili msijue?"

"Ndiyo, mama. Tukijua, tutapendelea."

Majina ya wagonjwa hayakuruhusiwa kutoka nje ya mlango wa kliniki. Ndipo nyumba yetu ya watu wawili ikajaa nambari. Tulikula na Nane, aliyeficha biskuti ndani ya mwavuli. Tulikula na Thelathini na Mbili, aliyeapa kwamba anatembea saa nzima kila siku na nyayo zake ni laini kama za mtoto mchanga. Hao sikuwa na ugomvi nao. Kisha akaingia Kumi na Saba, akavuta kiti, akakaa.

Kumi na Saba kanichekesha leo. Kumi na Saba kashuka sukari tena. Kumi na Saba anasema mtu akichoka asilale, aoshe vyombo kwanza. Nilivumilia. Lakini mwanangu alishikwa na kikohozi, na mimi kwa miaka thelathini nilikuwa nimemwambia tangawizi, na kwa miaka kumi ya mwisho alikuwa akinijibu, "Mama, hilo halijathibitishwa." Siku ya tatu ya kikohozi akarudi na tangawizi mkobani.

"Imethibitishwa lini?" nikamuuliza.

"Kumi na Saba kaniambia inasaidia."

Niliikwangua ile tangawizi kwa hasira mpaka nikajikwangua kidole.

Basi aliposema Alhamisi ijayo atakuwa kwenye mkutano mjini asubuhi nzima, nikaona mlango umefunguliwa. Nilikwenda kuazima miwani.

Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya spiriti na sabuni ya sakafu, na saa ya ukutani iliyokuwa dakika tisa nyuma. Washiriki wa zamani walining'iniza kadi za buluu shingoni. Sisi wapya tuliokuja kupimwa tulipewa karatasi tu. Nikaanza kuzisoma kadi moja moja. Arobaini. Nane, na mwavuli wake. Ishirini na Moja. Kisha kule mwisho wa benchi, juu ya blauzi iliyopigwa pasi vizuri kuliko yangu, Kumi na Saba.

Nilipanda kutoka kwenye kadi, nikapita shingoni, nikafika usoni.

Ilikuwa sura ya mke mwenzangu.

Mume wangu alimwoa wakati mwanangu ana miaka minne. Aliahidi atagawa wiki: hii kwangu, ile kwa Bi Mdogo. Wiki zangu zikawa fupi, zikawa siku, zikawa salamu kwa watu wanaopita. Mwisho alikatwa mguu kwa kisukari, kisha akafa, mwanangu akiwa masomoni ng'ambo. Mimi na yule mwanamke tulikaa pande mbili za msiba, kama mashahidi wa kesi, na hatukupeana hata pole. Tangu siku hiyo sikumwona. Na mwanangu, nilivyojua mimi, hakuwahi kumtia machoni.

Yeye ndiye aliyenisogelea.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Miwani ngeni. Mdomo ni uleule."

Nikaivua. Hata hivyo ilikuwa inaniumiza pua.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Sukari. Na wewe?"

"Mimi sina sukari."

"Basi umepanga foleni ya nini? Benchi hili hawagawi kitu kingine."

Watu wawili wakacheka. Nikashusha sauti, lakini maneno sikuyashusha. "Nimekuja kumwona anayeninyang'anya mwanangu. Ningejua nisingepoteza nauli, ningekwenda moja kwa moja kwa aliyezoea. Mume hakukutosha?"

Nilimngoja alipuke. Nilikuwa nimejiandaa miaka thelathini kwa ugomvi huo, nina majibu ya akiba. Yeye akakunja kitambaa chake mara mbili, akakilaza magotini.

"Mume gani, Bi Mkubwa? Mimi ulinipa mguu. Miaka mitatu naufunga, naufungua, naunusa kabla sijauona. Unajua ulianzaje?"

"Alijikwaa."

"Ndivyo alivyowaambia madaktari, wakaandika. Hakujikwaa. Alinunua viatu vipya vya kuendea mahafali ya mwanao. Vikambana kidole cha mwisho, cha kushoto. Nikamwambia vua, akasema acha, navizoesha. Mwezi mzima anazunguka navyo ndani ya nyumba. Siku ya mahafali yenyewe mguu haukanyagi chini. Akanikataza nisimwambie mtu, aliona aibu kushindwa na kiatu."

Nilitazama saa ya ukutani. Siku ile ya mahafali nilikaa karibu na kiti kitupu, na mwanangu aliponiuliza baba yuko wapi, nilimwambia, "Bi Mdogo kamzuia." Sikuwa na uhakika, lakini nililisema kwa utamu sana. Na nililirudia miaka iliyofuata kila nafasi ilipotokea, na isipotokea niliitengeneza.

"Daktari anajua wewe ni nani?" nikauliza.

"Hajui. Nimeandika ukoo wa kwetu. Habari za kile kiatu nilimsimulia, lakini nilisema ni marehemu mume wangu, basi. Sikusema ni baba wa nani." Akanisogelea mpaka mabega yakagusana. "Pale kwenye fomu wanapouliza kama una undugu na mfanyakazi, niliandika hapana. Jamaa za madaktari hawaruhusiwi kwenye utafiti. Ukisema neno wananitoa leo. Hakuna aliyewahi kunitazama kama anavyonitazama yule mtoto. Nina miguu miwili, Bi Mkubwa. Nataka kuzikwa nayo."

Miaka thelathini namwombea apigwe na kitu. Siku hiyo kitu chenyewe nikawekewa mkononi, na kilikuwa chepesi, neno moja tu.

Muuguzi akaliita jina la shangazi. Akaliita tena. Mara ya tatu Bi Mdogo akanigusa kiwiko. "Nadhani ni wewe."

Muuguzi alikuwa binti mwenye haraka na kalamu tatu nywelini. Akauliza kama nimekula. Nikasema hata maji sijaonja, na tumboni nina chai ya vijiko vitatu vya sukari na nusu ya mkate. Akashuka na maswali yake. "Una undugu na mtu yeyote anayefanya kazi hapa?"

Mlango ulikuwa wazi. Kule kwenye benchi, Bi Mdogo alikuwa ananitazama kama mtu anayetazama daktari anaposoma karatasi.

"Hapana," nikasema.

Msinisifu. Sikusema hapana kwa huruma. Ningesema ndiyo, na mimi ningetolewa, na nani angebaki kumchunga yule mwanamke?

Akanichoma kidole, akakilisha kimashine cha kupimia sukari tone la damu. Akakitazama. Akanitazama. Akachukua kimashine kingine, akanichoma kidole cha pili.

"Mama, una hakika hujala?"

"Binti, nina njaa naona nyota."

"Hata kama umekula," akasema taratibu, "hii si ya chai." Akatoka kumwita daktari.

Nikajua nimeponzeka niliposikia hatua kwenye korido. Hatua zile nazijua tangu hazijawa hatua, tangu zikiwa magoti. Mkutano ulikuwa umevunjika mapema. Mwanangu akasimama mlangoni na koti lake jeupe, akanitazama, akaitazama miwani mkononi mwangu, akalisoma jina kwenye karatasi.

"Shikamoo, shangazi," akasema. "Nilidhani tulikuzika."

Muuguzi akatutazama kwa zamu. Kisha mwanangu akasoma ile nambari ya kimashine, na mzaha ukamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni. Alipiga goti. Akanivua viatu, akaupakata mguu wangu, akachukua kiuzi kigumu cha kupimia, akaniambia nifumbe macho na niseme kila nikihisi kinagusa.

"Nahisi," nikasema.

"Na hapa?"

"Nahisi."

"Na hapa?"

"Hapo ndiyo kabisa, nahisi mpaka kwenye goti."

"Mama," akasema, "hapo sijagusa."

Nilifumbua macho. Kichwa chake kilikuwa kimeinama juu ya unyayo wangu, na kwenye mgawanyo wa nywele niliona mvi tatu ambazo sikuwahi kuziona. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kidole cha mguu.

Nambari sikupewa. Nilipelekwa dirisha la wagonjwa wa kawaida, nikaandikiwa dawa za kawaida, ambazo nazimeza hadi leo. Nilipopita kwenye benchi, Bi Mdogo aliinua uso. Nilimpa ile miwani ya jirani anishikie wakati nafunga viatu, na akanirudishia ikiwa imefutwa.

Utafiti ulichukua miaka miwili zaidi. Siku walipofungua bahasha, mwanangu alirudi nyumbani akakaa bila kuvua koti. Kumi na Saba, akaniambia, alikuwa kwenye fungu la unga mtupu tangu siku ya kwanza. Na sukari yake ilikuwa imeshuka kuliko ya wengi waliomeza dawa. "Sijui imeshukaje," alisema. Mimi nilijua, na kujua kwenyewe kuliniwasha mwili mzima. Kama si dawa, basi ni yule aliyekuwa akimpa. Na huyo nilimzaa mimi.

Lakini nirudi kwenye Alhamisi ile ile, saa kumi za alasiri. Jua lilikuwa limefika kwenye kabati la vyombo. Mwanangu alichemsha chai, akaniwekea yangu kavu, bila sukari, nikainusa kama paka aliyepewa majani. Hakunigombeza. Angenigombeza ningemsamehe. Neno langu bado nilikuwa nalo, limelala chini ya ulimi tangu asubuhi.

"Yule Kumi na Saba wako," nikaanza.

"Ndiyo, mama."

"Unamjua ni nani?"

"Ni mgonjwa. Pale tunajua nambari tu."

"Ukoo wake? Kaolewa wapi?"

"Simjui zaidi ya hapo," akasema, akaenda mlangoni kukichukua kiatu changu. "Kweli tena."

Nikamwamini. Na nilipomwamini, lile neno likawa tamu kupita kiasi, nikafungua kinywa nilitoe. Yeye alikuwa amekiinamia kiatu, anakipima upana kwa vidole vitatu.

"Hivi utavitupa," alisema. "Vinabana. Hutahisi, ndiyo ubaya wake. Baba alianza hivihivi, kidole cha mwisho, cha kushoto. Kiatu kipya, anasema anakizoesha."

Nilikifunga kinywa. Nikaweka kikombe chini.

"Nani kakuambia?"

Hakuinua kichwa. "Nini?"

"Hilo la kukizoesha kiatu."

"Aa." Akakigeuza kiatu, akasoma soli kana kwamba ina maandishi. "Niliona kwenye faili lake. Niliporudi masomoni niliomba nilisome."

"Kwenye faili aliandikisha kajikwaa, mwanangu."

Kiatu akakiweka chini, taratibu, sambamba na mwenzake. Akarudi mezani, akavuta kikombe chake karibu. Mwanangu, ambaye hajatia sukari kwenye chai tangu mwaka wa kwanza wa udaktari, akafungua kopo akatia kijiko kimoja, cha pili, cha tatu, akaanza kukoroga.