Nani Alinunua Samaki?

Mwalimu Fauzia alikuwa amesahihisha zaidi ya nusu ya rundo, na usingizi umeanza kumnyemelea, alipofika kwenye kazi ya Mwanatumu akaamka. Aliamka hasa, mpaka akairudisha sahanini hamri aliyokuwa ameiuma mara moja tu.

Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wamepewa makala ya jarida waichambue. Makala yenyewe ilieleza mnada wa samaki kule Shimoni, na mwandishi wake, mgeni aliyekaa pale asubuhi moja akajiona keshaumaliza mji, aliwahurumia wanawake kweli kweli. Wanaume wanapiga kelele, aliandika, na mama karanga, wale kina mama wanaokaanga samaki na kuwauza, wako pembeni kimya, wakishikashika leso zao kwa soni. Wamenyamazishwa, akahitimisha. Darasa zima lilimfuata bila kumuuliza swali. Hata mwongozo wa kusahihisha, uliotungwa na Mwalimu Boga, mkuu wa idara ya Kiswahili, ulisema vivyo hivyo.

Mwanatumu peke yake ndiye aliyeuliza.

"Katika aya ya tatu," aliandika kwa mwandiko wake wa kulalia upande, "mama mmoja anatengeneza leso begani, na sentensi inayofuata dalali anafunga bei. Katika aya ya tano mambo ni yale yale. Katika aya ya mwisho wanaume wanaondoka mikono mitupu, na samaki wanaondoka ndani ya mabeseni ya wanawake. Mwandishi ameyaona haya, ameyaandika kwa mkono wake, lakini hakuyasoma. Basi nani alinunua samaki?"

Fauzia aliisoma tena, safari hii midomo ikimchezacheza. Ulikuwa mwaka wake wa kwanza wa kufundisha, na kwa miezi kadhaa alikuwa akiwaambia watoto hawa wasome kilichoandikwa, si walichoambiwa kimeandikwa, akidhani maneno yake yanatokea dirishani kuelekea Msambweni mjini. Kumbe yupo aliyeyadaka. Akaandika kwa furaha, kwa kalamu nyekundu, alama kumi na nane kwa ishirini.

Ila furaha ya mwalimu mmoja haikutosha. Kazi moja tu ndiyo ingetoka shuleni hapo kwenda kwenye shindano Kwale, na mshindi angekaa likizo nzima na waandishi wa jarida huko Mombasa. Mwanatumu aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa haoni haya kumsimamisha Fauzia ukumbini na kumuuliza kama wamekwisha kuamua. Wasahihishaji walikuwa watatu, na wawili wakikubaliana, basi. Mchana huo huo wakakutana kwenye chumba cha walimu: Fauzia, Boga, na Bi Mwanapili, mwalimu mkongwe aliyekaribia kustaafu. Bahasha ya kwenda Kwale ilikuwa mezani, bado wazi.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mwanangu."

Hilo ndilo likawa neno lake la mwisho kwa muda mrefu. Alivuta kiti, akamimina chai, akawaachia uwanja.

"Huyu nimempa tano," Boga alisema, akiipungia hewani kazi ya Mwanatumu. "Mwandishi anasema wamenyamazishwa, yeye anasema wanaendesha mnada. Hakujibu swali."

"Aliambiwa achambue, Mwalimu. Hakuambiwa akariri."

"Mamake ni mama karanga. Katuletea habari za jikoni kwao."

"Haya, nionyeshe sentensi moja ambayo hakuitajia aya yake."

Boga alifunua karatasi, akarudi nyuma, akafunua tena. Hakuipata. Kwa hivyo akaibwaga mezani, akapandisha sauti. Alizungumzia nidhamu ya mtihani, alizungumzia watoto wa siku hizi, akaisifu kazi ya Swabir, mwenzake Mwanatumu darasani, iliyofuata mwongozo neno kwa neno. Fauzia naye, aliyeapa asubuhi kwamba hatabishana na mkubwa wake, alibishana, tena kwa raha, kwa sababu kila alipoikumbuka ile aya ya mwisho alipata nguvu mpya. Hakuna aliyeangalia mezani.

Nje, Abdulrahim, dereva wa shule aliyengoja kuipeleka bahasha, akapiga honi.

"Tusimcheleweshe mwenzetu," Boga akasema. "Bi Mwanapili tangu tuanze yuko kimya. Angekuwa na pingamizi angesema. Kwa hivyo yuko nami, tuko wawili, na inakwenda ya Swabir."

Fauzia akageuka kumtazama yule mama, ili angalau amsihi kwa macho.

Bi Mwanapili alikuwa akitengeneza leso begani. Mara moja tu, taratibu, kisha mkono ukarudi kwenye kikombe. Fauzia akaelewa, na ikambidi aume mdomo asicheke mbele ya mkubwa wake.

Boga alinyoosha mkono kuchukua bahasha. Ilikuwa imekwisha kufungwa. Juu yake, kwa hati nzuri ya Bi Mwanapili, paliandikwa jina la Mwanatumu. Kazi ya Swabir ilikuwa bado iko mbele ya Boga pale pale alipoiweka.

"Umeifunga saa ngapi?" akauliza, sauti imeshuka.

"Ulipokuwa ukipiga kelele, baba," Bi Mwanapili akajibu, akaomba apitishiwe sukari.