Kioo Tumboni mwa Mwanakheri

Asubuhi hiyo Mwanakheri alikuwa uani kwake Paje, anapiga makumbi ya nazi aliyoyafukua pwani jana yake. Harufu ya mchanga uliooza ilijaa ua mzima, lakini usumba ulikuwa ukitoka mzuri, mrefu, wa kamba ya kudumu. Kila akiinua gongo kanga ilimteremka, na mara ya mwisho hakuipandisha kwa sababu mikono yake ilikuwa na matope. Mama mkwe wake, Bi Kazija, aliyekaa mkabala naye akisokota kamba, akalitazama tumbo la mkwewe, akaendelea kusokota, kisha akasema:

"Mtoto anajikuna sikio. Sogea kivulini, jua linampiga machoni."

Mwanakheri akasogea kivulini.

Mwaka ulikuwa wa sabini, na mimba ilikuwa ya nne. Watoto watatu wa mwanzo, wote wasichana, walitolewa kwa kisu hospitali ya mjini, kila mmoja akipitia palepale alipopita mwenziwe, maana Mwanakheri alizaliwa na nyonga nyembamba. Penye kovu, kutoka chini ya kitovu kuteremka, ngozi sasa ilikuwa imegeuka kioo. Hakikuwa kioo kinene cha kabati. Kilikuwa chembamba kama cha taa ya chemni, na nyuma yake mtoto alionekana kichwa chini miguu juu, ndani ya maji yenye rangi ya dafu.

Majirani wakaanza kuja. Walikuja alasiri, baada ya kuanika dagaa, wakiwa na visheti vilivyofunikwa kawa, kama inavyokwendewa nyumba yenye mgeni. Mwanakheri akilazwa kwenye mkeka, wakikaa wakimtazama mtoto.

"Pua hiyo ya kina Usi," akasema mmoja.

"Maskini ya Mungu! Hata hajazaliwa keshapewa pua ile!"

"Iacheni pua, tazameni huku juu. Mume au mke?"

Hapo ndipo wote waliposogea. Mtoto alikuwa amekunja miguu na kitovu kimempitia katikati, na kila walipochungulia sana aligeuka akawapa mgongo. Wakacheka, wakasema ana haya, huenda ni mke. Mwengine akasema wanaume wa siku hizi nao wana haya.

Usi, mume wake Mwanakheri, alikuwa seremala na hakuwa mtu mbaya. Alipoona vidole vya wageni vimeacha mafuta ya visheti kwenye kioo, alitoa rula yake, akampima mkewe, akamtengenezea fremu ya mfenesi, nyepesi, ya kufungwa kwa utepe mgongoni. Ilimkaa vizuri. Usi akapiga magoti mbele yake akamtazama mtoto kwa muda mrefu.

"Na kioo chenyewe unakionaje?" Mwanakheri akamuuliza.

"Kisafi," akajibu Usi. "Naona mpaka kucha."

Mwanakheri alikuwa amesikia kitu. Kila akiinama kufagia, kioo kililia kidogo, tk, kama chemni ya moto iliyodondokewa na tone la maji. Alimwambia Bi Mwatum, mkunga wa kijiji, alipokuja kumkanda. Bi Mwatum akavaa miwani yake, akachungulia ndani kama mtu anayetazama chakula jikoni.

"Kichwa kipo chini, mgongo ubavuni. Mara tatu ukakatwa kwa sababu hatukuwa tukimuona," akasema. "Huyu tunamuona. Atazaliwa hapahapa mkekani kwako."

"Daktari aliniambia mwezi wa nane niende mjini nikakae karibu na hospitali. Alisema nisisubiri uchungu."

"Daktari naye alimuona huyu mtoto?"

"Hajamuona."

"Basi."

Usi akasema mkunga kamaliza maneno, na mkewe haendi mjini. Mwezi wa nane ukaingia, Mwanakheri yupo Paje, anapiga makumbi.

Siku moja wageni wamejaa, mtoto akakunja ngumi akagonga kioo. Wote wakacheka, hakuna aliyejibu. Kesho yake adhuhuri akagonga tena. Safari hii Mwanakheri alikuwa uani na mama mkwe wake tu, akainamisha kichwa akatazama. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na mtoto alikuwa ameuwekea kiganja.

"Mama," akasema, "kioo kimeingia ufa. Na mtoto kapiga hodi ya pili."

Bi Kazija akaiweka kamba chini. Mambo ya ufa hakuyashika. Lakini hodi aliijua. Mtu akipiga hodi mara tatu nyumba isimjibu, hugeuka akarudi alikotoka, na hana makosa.

"Ya tatu isimkute hapa, Bi Mwatum hayupo, kenda Makunduchi," akasema. "Vaa buibui, gari ya shamba iendayo mjini haijapita."

"Na Usi? Kasema nisende."

"Usi ntamwambia mimi. Mimi sikumlea mtu wa kumnyamazia mgeni mlangoni."

Mjini daktari alikuwa Mchina, mtu mpole, na maneno yake yalipitia kwa nesi aitwaye Kidawa. Hakumtazama mtoto. Alikipangusa kioo kwa spiriti, akakimulikia tochi kwa ubavu, akaufuata ufa kwa jicho mpaka ulipoishia. Kisha akasema, na Kidawa akafasiri taratibu.

"Anasema, ukikatwa palepale, kila mara ukuta unakuwa mwembamba. Wako waliokatwa mara nyingi wakapona, na yuko aliyepasuka mimba ya pili tu. Uchungu ungekushika Paje, ungevujia damu ndani kwa ndani. Na hilo kondo la nyuma, unaliona? Limejikamata kwenye kovu kama chaza kwenye jiwe. Kulibandua ni kazi. Anasema akishamtoa mtoto anaweza kukufunga kizazi humohumo, isije ya tano."

"Mwambie anifunge," akasema Mwanakheri.

Kidawa akamtazama kwa huruma. "Neno hilo anatoa mume, bibi."

Usi alifika kwa gari iliyofuata, fremu kwapani, kwani mkewe alikuwa ameiacha. Akawakuta mlangoni mwa chumba cha kupasulia, Mwanakheri keshalazwa kwenye kitanda chenye magurudumu. Kidawa akamuuliza kama mkewe afungwe kizazi.

"Tumuone kwanza nani anatoka," Usi akajibu.

Hapo mtoto akagonga mara ya tatu. Daktari akainua uso.

"Karibu," Kidawa akaitikia kwa niaba ya wote, na kitanda kikasukumwa ndani.

Kondo lilibanduliwa kwa taabu. Damu ilimwagika nyingi, manesi wawili wakatoa yao, na Mwanakheri alikuja kufumbua macho siku ya pili. Mtoto alikuwa mwanamme, na pua ile ile. Tumbo lilikuwa limeshashonwa, kizazi hakikufungwa.

"Mwanamme mmoja atacheza na nani?" Usi akamwambia daktari, kwa adabu na kwa furaha. "Tumtafutie mwenziwe."

Kidawa alifasiri. Daktari alinawa mikono kwa muda mrefu.

Arubaini ilipokwisha Mwanakheri alirudi uani. Kioo kilibaki palepale, sasa chembamba kama ganda la kitunguu, na nyuma yake pakiwa kiza kitupu. Alikishonea pazia la kipande cha kanga kuukuu. Fremu Usi aliitundika ukutani, akawa anaipaka mafuta isiingie mchwa.

Mtoto alikuwa amelala kwenye susu ya kuning'inia. Bi Kazija akasokota kamba yake mpaka ikafika urefu anaoutaka, kisha akanyoosha mkono akalifunua pazia kwa kidole kimoja, akachungulia.

"Bado hamna mtu?"

"Bado, mama."

"Haya. Inshaallah."

Mwanakheri akalirudisha pazia. Akaliinua gongo, akawa anapiga makumbi polepole, kioo kisitikisike.