Kilio cha Kitoto cha Koyote

Kuita koyote, yule mbwa mwitu mdogo wa nyika za Marekani, ili umpige risasi, ni kumdanganya mnyama asiyedanganyika, na baba yangu, Orrin Tollefsen, alikuwa mwongo hodari kuliko wote upande wetu wa Wyoming. Namsifu kwa hilo. Kwenye mambo mengine hajui kudanganya hata kidogo, ndiyo maana Mei ile, kila aliponiambia, "Mama yako anaendelea vizuri," nilibamiza kikombe mezani nikatoka nje.

Mama hakuwa anaendelea vizuri. Akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Alizunguka nyumba akifungua makabati, akimtafuta Lyle, kaka yangu aliyefia kitandani angali ananyonya, kabla mimi sijazaliwa. Nilitaka apelekwe nyumba ya wazee mjini, penye wauguzi na milango inayofungwa. Baba hakutaka kusikia.

"Nimtupe kwa watu baki, Darla? Alma wangu?"

"Na siku akiingia mtoni utaniambia nini?"

"Hataingia mtoni. Mimi nipo."

Mto wenyewe unapita chini ya malisho yetu, na wakati ule ulikuwa umefura kwa theluji iliyoyeyuka milimani. Usiku tuliusikia ukinguruma hata tukiwa kitandani.

Asubuhi moja tulimwacha mama amelala, baba akakomea mlango kwa nje, tukatoka. Koyote walikuwa wanatumalizia wanakondoo, na kondoo walikuwa bado wanazaa. Tulipita bondeni, maana ukipita juu ya kilima unaonekana kutoka mbali kama kigingi. Baba akanyofoa nyuzi za sufu mfukoni, akaziachia hewani. Zikapeperuka nyuma yetu, kuelekea nyumbani.

"Safi," akanong'ona. "Upepo unatoka ng'ambo ya mto. Hawatatunusa."

Akakaa kwenye kivuli cha kichaka, jua likiwa mgongoni mwake. Mimi akaniweka mbali kidogo, upande upepo unakokwenda. Koyote haji moja kwa moja kama mgeni wa harusi. Anazunguka kwanza ili amnuse anayelia. Anayeita huwa hamwoni. Kumwona ni kazi ya mwenye bunduki.

"Na usikohoe," baba akasema. "Mwaka jana ulikohoa kama trekta bovu."

"Nilikuwa na mafua."

"Kamwambie koyote."

Akatia mdomoni filimbi yake ya kuitia, akaanza kwa kubweka kama koyote mgeni, mara mbili, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akalia kilio cha sungura aliyekamatwa, kwa sauti ya chini kwanza, maana huenda mmoja yuko karibu ukamshtua. Hakuna kilichokuja. Hata ndege walikuwa wameacha kelele zao. Ndipo akaifunika filimbi kwa kiganja, akalia kama kitoto cha koyote kinachoumizwa.

Mlio huo siupendi. Nimeusikia tangu utotoni na bado nywele zinanisimama. Unaanza chini, unapanda, unakatika kama anayelia amekosa pumzi, kisha unaanza tena. Ukiusikia huwezi kusema ni mtoto wa nani. Unajua tu ni mtoto.

Nikaona kitu cha kijivu nyuma yetu, katikati ya vichaka, upande ule ule niliowekwa kuutazama. Kilikuja kimeinama. Baba akinyamaza, kinasimama. Akilia, kinasogea. Nikainua bunduki, nikakipata kwenye darubini, nikaweka kidole.

Kile kitu kikasukuma tawi pembeni, na kilichosukuma kilikuwa na vidole.

Alikuwa mama, amevaa sweta yake ya sufu, miguu mitupu kwenye umande ulioganda. Tulikuwa tumekomea mlango tukasahau dirisha la jikoni. Tulijificha tusinuswe na aliye mbele, na upepo ule ule ukabeba kilio mpaka kitandani kwake. Nilishusha bunduki.

"Lyle analia," akaniambia, kama mtu anayesema maziwa yanachemka. "Hamsikii?"

Baba akainuka, filimbi ikamtoka mdomoni. Halafu ng'ambo ya mto kitu kikajibu. Koyote jike alikuwa amesimama ukingoni, chuchu zimemjaa, analia kwa sauti nyembamba na kutazama upande wetu. Mama akageuka.

"Yuko kule," akasema, akaanza kukimbia.

Nilimdaka sweta. "Mama! Ni mimi, Darla!"

"Sikujui! Niache, mtoto analia!"

Akachomoka, nikabaki na sweta mkononi. Baba, goti lake bovu, alikuwa anachechemea na kuita: "Alma! Alma, mpenzi, rudi!" Mama hakugeuza hata shingo. Maji yalikuwa yameshamfika magotini, yakimsukuma, naye amenyoosha mikono kwa yule mnyama.

Baba akasimama. Nilimwona anaitazama filimbi, na uso wake sitaki kuukumbuka. Akaitia mdomoni, akalia.

Vichwa viwili viligeuka pamoja, huku na ng'ambo.

Baba akarudi nyuma hatua moja, akalia tena. Mama akatoka majini. Akapanda ukingo, akamfuata. Nilikwenda nyuma yao nikiogopa kumgusa, baba akitembea kinyumenyume akilia kitoto, mama akimwendea akibembeleza, "Nakuja, mwanangu, nakuja." Nilipogeuka, koyote naye alikuwa ndani ya maji, kichwa tu kikionekana, anavuka. Sikumpiga. Sikuweza.

Baba hakuacha mpaka tulipoingia jikoni na mimi nikafunga mlango. Midomo yake ilikuwa inatoka damu. Mama alitetemeka mwili mzima, lakini alikuwa anatabasamu, na sijawahi kumwona mzuri vile. Akamnyooshea baba mikono yote miwili.

"Nipe," akasema.

Baba akamtazama. Akafungua koti lake polepole, kama vile kweli kungekuwa na kitu ndani.

"Nipe mtoto, Orrin. Ana njaa."

Nje, nyuma ya zizi, yule mama mwingine wa ng'ambo alikuwa ameshafika na anaita. Baba akaishika mikono ya mama, akaifunga ndani ya yake, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe.

"Darla," akasema bila kunitazama, "wapigie simu wale wauguzi wa mjini."